Tilandsia, ua la Amerika Kusini lisilohitaji udongo: Litambue kabla ya kulitundika

MKAZI wa ufuo wa Luanda Kotieno, katika eneo la Uyoma, kaunti ya Siaya, hahitaji kuhadithiwa habari za mmea wa Amerika Kusini unaoishi bila kutia mizizi ardhini. Ameuona kwa macho yake ukielea Ziwani Victoria, ukichanua maua ya zambarau yanayopendeza, kisha ukazifungia mashua njia. Mmea huo ni gugumaji.

Bara hilohilo limetoa mmea mwingine usiohitaji udongo, lakini wenye tabia tofauti kabisa. Huu hauelei majini bali hushika tawi la mti na kukaa hewani. Wataalamu huuita tilandsia. Baadhi ya aina zake huchanua maua yenye harufu nzuri, na kwa sababu hiyo umepata wapenzi wengi hata katika nchi ambazo hauoti mwituni.

Sababu ya kupendwa kwake si ngumu kueleza. Hauhitaji chungu wala samadi, na ni mwepesi kiasi cha kutiwa ndani ya bahasha na kutumwa kwa posta. Hata hivyo, wepesi huohuo una madhara yake. Kinachoingia kwenye bahasha huingia pia kwenye mkoba wa msafiri, kikavuka mpaka bila ya mtu kuuliza kimetoka wapi wala kimebeba wadudu gani.

Kwa hivyo, anayeletewa zawadi ya mmea huu, au anayewazia kuuagiza kutoka ng'ambo, ana maswali matatu ya kujibu. Je, alicho nacho ni tilandsia kweli? Utatunzwa vipi katika hali ya hewa ya ziwani? Na je, kuna hatari ya kurudia yale yaliyotokea kwa gugumaji?

UKOO WA NANASI

Tilandsia ni ya ukoo mmoja na nanasi, tunda ambalo Mkenya analijua vyema kutokana na mashamba makubwa ya Thika. Ukoo huo una zaidi ya aina 3,000 za mimea, na asili ya zote ni mabara ya Amerika isipokuwa aina moja pekee, Pitcairnia feliciana, inayoota kwenye miamba ya nchi ya Guinea, Afrika Magharibi.

Maana yake ni kwamba hakuna tilandsia hata moja iliyo ya asili ya Kenya. Anayeambiwa kwamba mmea anaouziwa ulichumwa katika Msitu wa Kakamega au kwenye mteremko wa Mlima Elgon na kwamba ni tilandsia, ajue kwamba anauziwa kitu kingine.

Aina za tilandsia peke yake zinazidi 600. Huenea kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina. Baadhi huishi katika misitu ya mvua, nyingine katika nyika kavu, na zipo zinazoishi katika jangwa la pwani ya Peru, ambako mvua ni nadra na mmea hunyonya ukungu unaotoka baharini.

Ingawa hukaa juu ya miti, tilandsia si kimelea. Haimnyonyi mwenyeji wake hata tone moja. Mizizi yake, inapokuwepo, kazi yake ni kushika tu, kama vidole vinavyoshika ukingo wa mtumbwi. Maji na madini huingia kupitia majani, ambayo yamefunikwa na vigamba vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Vigamba hivyo ndivyo vinavyoyapa majani ya aina nyingi rangi ya fedha au kijivu.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana. Tilandsia nyingi, kama lilivyo nanasi, huvifungua usiku, jua linapokuwa limetua, ili zisipoteze maji kwa joto. Tutaona baadaye kwamba tabia hii ndiyo inayoamua saa ya kuzimwagilia maji.

JINA LA MTU ALIYEKIMBIA MAWIMBI

Msafiri anayesimama Luanda Kotieno akitaka kufika Mbita ana njia mbili. Anaweza kupanda feri na kuvuka mlango wa Ghuba ya Winam kwa takriban saa moja. Akiogopa maji, sharti azunguke ghuba nzima kwa barabara: arudi Ndori, afike Kisumu, kisha ashuke Kendu Bay na Homa Bay kabla ya kuiona Mbita.

Safari ya namna hiyo ndiyo iliyoupa mmea huu jina. Elias Tillandz, daktari na mwanabotania aliyeishi kati ya 1640 na 1693, alifundisha katika mji wa Turku, ambao leo uko Ufini. Inasimuliwa kwamba katika ujana wake alivuka bahari kwenda Stockholm, akataabishwa na mawimbi njia nzima, akaapa kutorudi kwa chombo. Alirejea kwa nchi kavu akiizunguka Ghuba ya Bothnia, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na jina Tillandz likatokana na maneno ya Kiswidi yenye maana ya "kwa nchi kavu".

Mtaalamu Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyeweka misingi ya kuipa mimea majina ya kisayansi, ndiye aliyeisimulia hadithi hiyo. Aliona kwamba mimea hii nayo haipendi kusimama majini, akaipa jina la daktari yule. Anayetaka kuitunza vyema na alikumbuke jina hilo: tilandsia hunywa maji, lakini haitaki kukaa ndani yake.

ALAMA ZA AINA ZENYE HARUFU

Si kila tilandsia inayonukia. Nyingi zina maua yenye rangi kali za kuwavutia ndege aina ya vuma wa Amerika, na ndege hawafuati harufu. Miongoni mwa zinazonukia, nne zinajulikana zaidi kwa wakuzaji.

Ya kwanza ni Tillandsia duratii, inayotoka katika nchi za Bolivia, Paraguay na Argentina, hasa katika nyika kavu ya Chaco yenye miti ya miiba. Majani yake ni manene, ya rangi ya fedha, na hupangika kuzunguka shina refu. Alama yake kuu ni ncha za majani ya chini. Kadiri yanavyozeeka, hujikunja kama mkia wa kinyonga na kujizungusha kwenye vijiti vilivyo karibu. Mmea mzima hujishikilia kwa majani hayo, kwa maana karibu hauna mizizi kabisa. Maua yake ni ya zambarau hafifu na hukaa juu ya kikonyo kirefu. Harufu yake ni tamu, na wapo wanaoifananisha na zabibu zilizoiva.

Ya pili ni Tillandsia xiphioides. Hii ni fupi, majani yake ni magumu na yamechongoka, na maua yake ni meupe, makubwa kuliko mtu anavyoyatarajia kutoka kwa mmea mdogo hivyo. Harufu yake hukaribia ile ya ndimu.

Ya tatu ni Tillandsia crocata, yenye majani membamba yaliyojaa manyoya ya kijivu na maua madogo ya manjano. Ya nne ni Tillandsia straminea, ya Ecuador na Peru, yenye maua meupe yaliyopakwa zambarau kwenye kingo za petali.

Ikiwa mmea haujachanua, ipo njia nyepesi ya kuuchunguza. Nyunyizia jani maji kidogo. Jani la tilandsia ya kijivu likilowa hugeuka kuwa kijani mbele ya macho yako, kwa sababu vigamba hujaa maji na kuruhusu rangi ya ndani ionekane. Likikauka, rangi ya fedha hurejea.

WANAOFANANA NAYO HAPA KWETU

Makosa ya utambuzi hutokea kwa sababu Afrika Mashariki ina mimea yake mingi inayoishi juu ya miti. Inafaa kuijua, kwani baadhi yake inahitaji ulinzi kuliko mgeni yeyote.

Okidi ndizo zinazochanganywa zaidi na tilandsia. Ansellia africana, iliyopewa jina la chui kwa ajili ya madoadoa yake ya hudhurungi juu ya petali za manjano, nayo hunukia. Lakini mashina yake ni manene na yamesimama mithili ya miwa midogo, na mizizi yake huelekea juu kama sindano zilizochomekwa. Okidi nyingine za hapa, zile za jamii ya Aerangis, zina maua meupe yenye mkia mrefu na hunukia zaidi usiku ili kuwaita nondo. Mizizi ya okidi ni minene, hai na ya lazima. Ukiikata, mmea huathirika. Mizizi ya tilandsia ukiikata, mmea hauna habari.

Kuna pia Rhipsalis baccifera, mmea wenye vijiti vya kijani visivyo na miiba vinavyoning'inia kama kamba. Huu ni wa jamii ya dungusi kakati, na ndio pekee wa jamii hiyo unaoota kiasili nje ya mabara ya Amerika. Alama yake ni vitunda vidogo vyeupe, na hauna majani.

Zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya nazo si tilandsia, ingawa zinafanana sana na Tillandsia usneoides ya Amerika. Hizo ni muungano wa kuvu na mwani. Huvunjika zikikauka na hazitoi maua kamwe.

Mwisho, kuna vimelea halisi, ambavyo ndege huvipanda kwa kuacha mbegu matawini. Hivi huzamisha mizizi yao ndani ya mti na kuunyonya. Jaribio lake ni rahisi: kimelea hakiwezi kung'olewa bila kuumiza tawi, ilhali tilandsia hubanduka na kuacha gamba la mti lilivyokuwa.

MAHALI, MWANGA NA UPEPO

Ufuo wa ziwa uko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Mchana huwa na joto, usiku hupoa, na upepo hauachi kuvuma. Mchana hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka na kuelekea ziwani. Mvuvi wa omena anaujua mzunguko huo kuliko mwandishi yeyote.

Kwa Tillandsia duratii, hali hiyo ni neema. Mmea uliozoea nyika ya Chaco haulii baridi kidogo ya usiku, na upepo ndio unaoukausha baada ya kunywa. Adui wake mkubwa si ukame bali ni hewa iliyotuama. Kwa hivyo, usiuweke ndani ya chupa ya kioo wala kwenye kona ya chumba kisicho na dirisha, hata kama picha za magazeti huuonyesha hivyo.

Utundike mahali penye mwanga mwingi uliochujwa. Kivuli chepesi cha mgunga au mkwaju kinafaa sana, kwa kuwa majani yake madogo hupitisha jua vipande vipande. Kivuli kizito cha mwembe huweza kuunyima mwanga wa kutosha wa kuchanua. Chini ya mabati yasiyo na dari napo si pazuri, kwani joto la adhuhuri hapo huweza kuukaanga.

Uzi wa kuvulia samaki ni kamba nzuri ya kuufungia, kwa vile hauozi wala hauonekani sana. Tumia kipande cha mti mgumu wenye gamba la kukwaruza kama kishikizo. Usitumie waya wa shaba hata kidogo. Shaba ni sumu kwa mimea ya ukoo wa nanasi, na matone machache ya maji yaliyopita juu yake yanatosha kuudhuru mmea. Tahadhari hiyohiyo inahusu mbao zilizotibiwa kwa dawa ya kuzuia mchwa.

SAA YA KUNYWA

Hapa ndipo wengi wanapokosea, ama kwa kuuamini usemi kwamba mmea huu huishi kwa hewa tupu, ama kwa kuumwagilia kupita kiasi.

Katika miezi mikavu, mathalani Januari na Februari, nyunyizia majani mara mbili au tatu kwa wiki mpaka yalowe kabisa. Fanya hivyo asubuhi na mapema, ili majani yawe yamekauka kabla jua halijapanda sana. Kwa kuwa mmea hupumua usiku, majani yaliyofunikwa na maji usiku kucha katika hewa iliyotuama huzuia vitundu vyake na kukaribisha uozo. Wakati wa mvua za masika na za vuli, mmea ulio nje mahali penye upepo hauhitaji msaada wako.

Ukiona majani yamejikunja kwa urefu kama karatasi iliyofanywa bomba, mmea una kiu. Aina ndogo kama xiphioides zinaweza kuzamishwa majini kwa nusu saa, kisha zikapinduliwa na kukung'utwa ili maji yasitue kati ya majani. Kitako kikiwa cheusi na laini, hiyo ni dalili ya uozo, na mara nyingi huwa umechelewa. Usichanganye dalili hiyo na kujikunja kwa ncha za majani ya duratii, ambako ni maumbile yake.

Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya mfereji yenye dawa ya klorini yaache katika ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Maji ya Ghuba ya Winam, yaliyojaa mwani na rutuba nyingi inayoletwa na mito na mitaro ya miji, huacha utando juu ya majani na kuziba vile vigamba. Mbolea si lazima. Anayetaka kuitumia achanganye ile ya maji kwa robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi.

BAADA YA KUCHANUA

Subira inahitajika. Tilandsia hukua polepole, na hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Kila shina huchanua mara moja tu katika uhai wake, kisha hutoa vichipukizi na kufifia. Aliyepanda migomba hatashangaa: mkungu ukishakatwa, mgomba mama huwaachia watoto uwanja. Acha vichipukizi vifikie angalau theluthi ya ukubwa wa mama yao kabla ya kuvitenganisha, au viache vikae pamoja viwe kichaka.

FUNZO LA GUGUMAJI

Sasa tulijibu swali la tatu. Gugumaji nalo lilipendwa kwanza. Asili yake ni bonde la Mto Amazon, na lilisafirishwa duniani kama pambo la vidimbwi kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Lilifika Misri mwishoni mwa karne ya 19. Katika Ziwa Victoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wengi wanaamini kuwa Mto Kagera ndio uliolileta. Upande wa Kenya liliripotiwa mwaka wa 1990.

Kufikia mwaka wa 1998, lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Samaki hawakufikika, bandari zilifungwa, na maji ya matumizi yaliharibika. Kuanzia mwaka wa 1997, Kenya ilikuwa imewaachilia ziwani fukusi wa aina mbili kutoka hukohuko Amerika Kusini ili walile. Kazi ya wadudu hao, pamoja na hali ya hewa ya El Nino, ililipunguza sana. Hata hivyo, mbegu zake hukaa matopeni kwa miaka mingi, na limekuwa likirejea tangu hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo wananchi wa ziwani wangali wanaujenga.

Je, tilandsia inaweza kufanya hivyo? Tabia yake haielekei huko. Gugumaji katika mazingira mazuri huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Tilandsia huhesabu miaka. Hata hivyo, mbegu zake zina manyoya na hupeperushwa na upepo, na Tillandsia usneoides imeshaonekana ikiota yenyewe nchini Australia, mbali na kwao. Isitoshe, hatari mara nyingi si mmea wenyewe bali wadudu wanaojificha kati ya majani yake, ambao wanaweza kuwaona jamaa zake, mananasi, kuwa karamu.

Ndiyo maana sheria ya kulinda mimea inamtaka kila anayeingiza mmea nchini apate kibali cha Shirika la Kukagua Afya ya Mimea (KEPHIS) kabla mmea haujasafirishwa, na uje na cheti cha afya kutoka nchi utokako. Shirika hilo lina kituo cha karantini huko Muguga kwa mimea inayohitaji kuchunguzwa zaidi. Aina chache za tilandsia, kama Tillandsia xerographica, zinalindwa pia na mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Okidi zote zimo katika mkataba huo, na hivyo anayezing'oa msituni azipeleke sokoni hana udhuru.

Aliyekwishapata mmea wake kihalali autundike penye upepo, aunyweshe asubuhi, na asiutupe ziwani wala kichakani akiuchoka. Akaushe masalia juani na kuyachoma. Asiye na kibali na aliambie "hapana" lile begi la mgeni, hata kama ua lililomo linanukia vipi.